Mnapowaambia waache vidonge, waambieni pia wasiache ghafla

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vidonge vya kunenepesha na krimu za kung'arisha ngozi niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi kwamba jambo hili limesemwa waziwazi. Mara ya pili niliingiwa na hofu, kwa sababu ya ule ushauri wa mwisho kwamba anayetumia avitupe leo hii.

Mama yangu mdogo alivitupa.

Alikuwa akisumbuliwa na magoti, jirani akawa anamletea vidonge vidogo vyeupe vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari, bila jina wala maelezo. Alimeza kwa karibu miaka miwili: viwili asubuhi, kimoja jioni. Magoti yalitulia, hamu ya kula ikarudi, mashavu yakajaa. Nilimkuta kwenye harusi ya mwanawe, nami, muuguzi wa miaka mingi, nikamsifu kama wengine kwamba amependeza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kisha akasikia redioni kwamba vidonge vya namna hiyo vina madhara. Akavimwaga chooni jioni ileile. Siku ya nne hakuweza kuinuka kitandani. Alitapika, tumbo likamsokota, akisimama kizunguzungu kinamwangusha. Kituo cha kwanza walimpima malaria, hakuwa nayo, wakamtundikia dripu moja na kumruhusu. Nilipofika nilimkuta analoa jasho la baridi, presha 80 kwa 50, sukari 2.8, zote za chini mno. Nilipofunua kanga nikaona mapaja yamebaki mifupa huku tumbo limejaa, michirizi ya zambarau ubavuni, na ngozi ya mikono imekuwa nyembamba hata mshipa unaonekana unavyopita. Hapo ndipo nilipouliza habari za vidonge. Hospitalini alichomwa haidrokotisoni, dawa ya kurudishia homoni aliyopungukiwa, miligramu 100 kwenye mshipa, na kesho yake asubuhi akaomba uji.

Jirani alipobanwa alitoa kopo. Ilikuwa deksamethasoni ya nusu miligramu, steroidi ya kiwandani inayoiga homoni ya mwili iitwayo kotisoli.

Nieleze kilichotokea, maana wasomaji wako wana haki ya kujua kwa nini kuacha dawa mbaya kunaweza kumlaza mtu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na mojawapo ya kazi zake ni kutengeneza kotisoli, homoni ya jamii ya steroidi. Steroidi zote mwili huziunda kutokana na kolesteroli, kwa hiyo ni za asili ya mafuta. Insulini, homoni inayoshusha sukari, ikifika kwenye seli hubisha hodi nje. Steroidi haibishi hodi: hupenya ukuta, na humo ndani humkuta anayeisubiri, yaani kipokezi chake. Vikishikana, huingia pamoja kwenye kiini cha seli na kuziamuru jeni, hii ifanye kazi, ile inyamaze. Vipokezi vya kotisoli vimo karibu katika kila seli ya mwili. Ndiyo maana dawa hii hii hutuliza pumu, hupunguza uvimbe wa viungo, hupandisha sukari, huyeyusha misuli, hudhoofisha mifupa na kukusanya mafuta usoni, tumboni na mgongoni juu. Anayeitafuta ili apate nyama, nyama ndiyo inayomtoka.

Lakini vipokezi hivyo vimo pia kwenye ubongo, na huko ndiko jambo lenyewe lilipo. Ubongo hupima kotisoli iliyopo kwa kutumia vipokezi hivyo, kisha ndio unaoagiza tezi za juu ya figo zitengeneze zaidi au zipumzike. Haujui kama kilichoshika kipokezi kimetoka mwilini au kwenye kopo la jirani. Deksamethasoni ina nguvu takriban mara 25 ya kotisoli: kidonge kimoja cha nusu miligramu kinakaribia au hata kuzidi kotisoli ambayo mwili wa mtu mzima hutengeneza kwa siku nzima. Mama mdogo alikuwa anameza vitatu. Ubongo wake uliona kuna ziada, ukanyamaza, na tezi zisizoagizwa kazi zikasinyaa. Siku aliyomwaga vidonge alibaki hana vya nje wala vya ndani. Tezi zilizolala hivyo hazizinduki kwa siku mbili. Huchukua wiki, mara nyingi miezi, na kwa wengine hupita hata mwaka.

Krimu nazo zimo. Klobetasoli, ambayo huchanganywa kwenye mikorogo mingi, ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Mtu akiipaka mwili mzima kila siku kwa miezi, kiasi kinachopenya ngozi na kuingia kwenye damu kinatosha kuzilaza tezi zilezile. Nimeona mabinti wanaoshangaa wakiambiwa kwamba krimu inaweza kufanya kazi ya kidonge.

Sitaki mtu asome barua hii akaichukia dawa yenyewe. Mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimchoma kotisoni, ndugu wa karibu wa kotisoli, mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akatembea kwenda madukani. Miaka miwili baadaye Hench, pamoja na wanakemia Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 2020, utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi kumi, hupunguza kwa theluthi moja vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Mimi mwenyewe nimeichoma kwa akina mama walioshikwa na uchungu kabla ya wakati, ili mapafu ya mtoto yakomae, na nimewabeba watoto hao wakilia kwa nguvu. Nyingi ya kazi hizo ni za siku chache, chini ya macho ya daktari. Kopo la jirani halina daktari.

Ombi langu kwako, mhariri, ni dogo. Kila mnapoandika habari hizi, ongezeni sentensi moja: aliyemeza vidonge hivi au kupaka krimu hizi mwili mzima kwa zaidi ya wiki tatu asiache ghafla, aende hospitali na kopo lake mkononi, apunguziwe dozi hatua kwa hatua. Asione haya kutaja alichotumia. Akiwa tayari ameshaacha na anatapika, amelegea, kichwa kinazunguka, asisubiri kesho.

Na kwa wenzangu wa zamu, hasa wa zahanati: mama mwenye mashavu ya duara na mapaja yaliyokonda, aliyekuja na presha ya chini na malaria haionekani, mwulizeni vidonge na krimu kabla ya kumrudisha nyumbani. Ulizeni kwa upole, wengine waume zao hawajui. Ulizeni pia "dawa za kienyeji za viungo", kwa sababu baadhi yake husagiwa humo vidonge hivi hivi na muuzaji asiseme.

Mama mdogo sasa anameza prednisoloni, steroidi nyingine isiyo kali kama deksamethasoni, kidogo kila asubuhi baada ya chai, saa ambazo kotisoli ya mwili huwa juu kwa kawaida, na kila baada ya wiki kadhaa daktari anapunguza. Huu ni mwezi wa nane wa matibabu. Uso wake umepungua, na kuna watu wanaomwuliza kama anaumwa.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro