Kamati za amani zisingoje uchaguzi

Mhariri,

Mwaka 1993, koo zilipokuwa zikiuana Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, wanawake walianzia sokoni: walihakikisha mama wa ukoo wowote anauza na kununua bila kubughudhiwa. Kisha wakawafuata wazee, nao mwaka huo huo wakakubaliana Azimio la Al Fatah, yaani mapatano ya kurudisha amani. Mmoja wa wanawake hao, marehemu Dekha Ibrahim Abdi, alipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007.

Kamati za amani, yaani vikundi vya wenyeji vya kusuluhisha migogoro, tulizo nazo sehemu nyingi za Kenya zilichota mfano huko. Inaniuma sana zinapokumbukwa kura zikikaribia tu, ilhali ugomvi wa malisho na visima hutokea hata mwaka usio na uchaguzi. Serikali za kaunti ziwatengee wanakamati nauli na fedha za vikao kila mwaka, na wanawake wapewe uongozi.

Msomaji,
Garissa