Salamu za Shukrani: Familia ya Bibi Parachichi, Majengo na Machame

Bwana Yesu asifiwe.

Sisi watoto sita, wakwe, wajukuu na vitukuu wa Bibi Parachichi, kama mlivyozoea kumwita pale soko la Mbuyuni, tunawashukuru nyote mliosimama nasi tangu Mama alipotutoka hadi tulipomlaza kihambani, kwenye shamba la ukoo kule Machame, kando ya Baba, Jumamosi iliyopita. Ninaandika mimi, binti yake wa tatu, niliyekaa naye hapa Majengo, mjini Moshi, miaka yake 6 ya mwisho. Kaka yetu mkubwa ameniomba niseme kwa niaba yake, maana sauti bado haijamrudia.

Wengi wenu mnajua Mama aliugua ugonjwa wa kusahau. Ulianza na vitu vidogo: chumvi mara mbili kwenye mtori, funguo ndani ya ndoo ya mchele. Kisha majina. Mama alikuwa na desturi ya kuamka saa 11 alfajiri na kutuombea mmoja mmoja kwa jina, kuanzia mkubwa hadi kitinda mimba, halafu wajukuu. Tukiwa wadogo tulijifanya tumelala ili tusikie zamu yetu ikifika. Mwaka wa pili wa ugonjwa majina ya wajukuu yakaanza kudondoka, kisha yetu. Asubuhi moja alipofika kwenye jina langu akanyamaza, akaendelea na la mdogo wangu. Nilikuwa chumbani humo humo, nimeshika beseni la maji ya kumnawisha. Baadaye akawa ananiita "dada", kwa heshima, kama mtu anavyomwita muuguzi, na siku moja akaniuliza kama mama yangu bado yu hai. Nilitoka nikalia nyuma ya tangi la maji.

Walikuwapo walionong'ona kuwa amerogwa. Madaktari na wauguzi wa hospitali ya KCMC, asanteni kwa kutueleza kwa maneno tuliyoyaelewa: ni ubongo unaougua, si uchawi, wala si uzee tu, na mara nyingi ya jana hutangulia kupotea, ya utotoni yakabaki. Ndivyo ilivyokuwa. Hata alipokuwa hatujui, ukimwanzishia wimbo aliofundishwa kanisani akiwa mtoto aliimba beti zote, kwa Kimachame.

Vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu, ninyi nitawataja kwa kirefu. Jioni mawingu yakifunguka na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kuonekana, Mama aliona kwao, akafunga kanga, akaondoka. Mlikuwa mnamfuata na kumbembeleza, "Bibi panda, tunakupeleka Machame," mnamzungusha mtaa mmoja na kumrudisha getini akiwa ametulia. Hamkuwahi kutudai nauli. Na akina mama wa Mbuyuni mlimwekea kigoda chake pale pale alipouzia miaka yote, mkamwachia apange mafungu ya parachichi ambayo hayakuwa yake. Yeye hakuwajua tena. Ninyi mlimjua.

Mwaka wa mwisho hata nyimbo zilikwisha. Hapo ndipo nilipopata swali lililonikosesha usingizi, nikaogopa hata kumuuliza mchungaji: mtu asiyekumbuka kusali, asiyekumbuka jina la Mwokozi wake, anakwenda vipi? Siku nilipothubutu kuuliza, mchungaji alinishika mkono tu, hakujibu. Jibu alilitoa kwenye ibada ya mazishi.

Alisoma Isaya sura ya 49. Akatukumbusha kwamba Sayuni ilikuwa imekata tamaa, ikilia kwamba Bwana ameiacha na kuisahau, na Mungu akaijibu kwa mfano wa mama na mtoto anyonyaye: hata mama aweza kumsahau mwana wa tumbo lake, lakini Yeye hatasahau, amewachora watu wake katika vitanga vya mikono yake. Nimeusikia mstari huo tangu shule ya Jumapili, nikidhani hilo la mama kusahau limewekwa kukuza mfano tu, kwa maana ni mama gani atasahau? Wangu alisahau. Na kumbe nabii alikwisha kuliandika.

Kisha mchungaji akafungua kitabu cha ubatizo cha usharika, akasoma jina la Mama lilivyoandikwa kwa wino. Akasema, siku ile pia mtoto huyu hakujua jina lake, wala la wazazi wake, wala la Mungu, na alipokelewa. Imani yake haikutunzwa na kichwa chake, aliitunza aliyemwita. Tangu siku hiyo ninalala.

Asanteni wazee wa kanisa, kwaya, na jumuiya yetu ya nyumba kwa nyumba. Asanteni chama cha kuzikana, na majirani wa Majengo kwa turubai na masufuria. Asanteni ndugu mliosafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam na Nairobi, na wanaukoo mliochimba kaburi na kupanda isale, mmea wetu wa kimila.

Ni desturi kuandika kwamba hatuwezi kumtaja kila mmoja kwa jina. Ni kweli hatuwezi, na linaniuma, kwa sababu Mama wa miaka ile angeweza, tena alfajiri, akiwa amepiga magoti.

Yupo mmoja aliyeacha mkungu wa ndizi mlangoni usiku wa kuamkia mazishi, bila kubisha hodi. Daftari la rambirambi halina jina lako, na majirani wote tumewauliza. Mtori wa waliokesha ulitoka kwenye mkungu huo. Mungu anakujua, lakini na sisi tungependa kukujua. Ibada ya shukrani ni Jumamosi hii, nyumbani Machame, saa 4 asubuhi. Karibu, tutakuwekea kiti mbele.