Mpishi na herufi r

Birmingham,
16 Novemba 2024

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila baridi imeanza mapema na nimeshavaa soksi mbili mbili. Watoto wazima, wanakula na kugombana.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa kwenye basi, nikacheka peke yangu mpaka mzee mmoja akahama kiti. Niliposhuka nikakasirika. Yaani umepata kazi ya kutia sauti tamthilia ya Kiingereza ya zamani, wamekusikia, wamekupenda, halafu wanakwambia bibi mwenye nyumba atapewa mwengine mwenye Kiswahili "kilichonyooka", wewe uwe mpishi, na mpishi aongee Kipemba ili watu wacheke! Ukawauliza kwa nini, ukajibiwa kwamba hata Wazungu hufanya hivyo hivyo. Sasa unaniuliza mimi niliye huku kwao kama ni kweli.

Ni kweli, wanafanya. Lakini hebu tulia nikwambie wanafanyaje.

Unakumbuka Kiingereza changu nilikitoa darasani na redioni. Nilikuja hapa nikiamini nchi nzima inaongea kama malkia. Wiki ya kwanza dereva wa basi aliniambia neno moja, nikamwomba alirudie mara nne, mwisho nikashuka nikaenda kwa miguu. Lafudhi ya Birmingham Waingereza wenyewe huicheka; ukiisikia kwenye tangazo, aghlabu ni mtu mjinga mjinga. Ilipokuja Peaky Blinders, tamthilia ya majambazi wa mji huu, ndipo ikapata heshima kidogo, na mwigizaji mkuu mwenyewe, Cillian Murphy, ni mtu wa Cork, Ireland. Wenyeji wangu hapa mpaka leo wanabishana kama kaipata au hakuipata.

Sasa chukua Downton Abbey, ile tamthilia ya mabwana na watumishi wao iliyoanza 2010, maana naona hiyo yenu ni ya ukoo huo. Nyumba iko Yorkshire, kaskazini. Bwana na binti zake wanaongea kama watu wa London. Jikoni, Bi Patmore mpishi anaongea Kiingereza cha kaskazini. Mtazamaji haambiwi nani mkubwa nani mdogo, anasikia tu. Lakini jiulize, Zuhura: wote hao si wa mahali pamoja? Bwana kazaliwa palepale na baba yake kazaliwa palepale. Mbona ulimi wake umehama? Ulihamishwa na shule. Watoto wa kiume wa mabwana walipelekwa bweni wangali wadogo, Eton, Harrow na kwengineko, wakarudi na matamshi ya bweni ambayo hayana kijiji chake popote Uingereza. Mambo hayo yalikomaa karne ya 19. Kwa hiyo kati ya bwana na mpishi, aliyeiacha lafudhi ya kwao ni bwana. Mpishi anaongea lugha ya pale pale alipo.

Mle ndani yumo pia Mmarekani, Cora, mke wa bwana, binti wa tajiri kutoka Cincinnati. Anayemwigiza, Elizabeth McGovern, ni Mmarekani kweli. Huyo ndiye aliyenifungua masikio kuhusu herufi r, ile ya mwisho wa silabi kama kwenye card, ambayo yeye huitamka na akina bwana huimeza, na kwa kweli r hiyo imeniibia usingizi wiki nzima.

Umeshaona tamthilia za vita vya uhuru wa Marekani, miaka ya 1770. Ofisa wa Kiingereza, koti jekundu, r anaimeza. Mkulima wa Pennsylvania anaikoroga mdomoni kama peremende. Basi sivyo ilivyokuwa. Wakati ule Waingereza wengi, na mabwana wao, bado waliitamka. Kuimeza ndio kwanza kulikuwa kunashika London. John Walker, aliyetoa kamusi ya matamshi mwaka 1791, aliandika kwamba watu wa mji huo wanaipitishia kooni kwa unyonge, karibu haisikiki. Baadaye ikawa ndiyo alama ya uungwana. Boston na New York, miji iliyokuwa ikiitazama London, nayo ikafuata. Wamarekani wengine wakabaki na r yao. Sisemi kwamba George Washington aliongea kama Mmarekani wa leo, nao wamebadilika mengi. Lakini kwa herufi hiyo moja, koti jekundu la kwenye televisheni limeazima mdomo wa wajukuu zake.

Ushahidi unao mwenyewe. Mwingereza alipokuja kututawala, mwishoni mwa karne ya 19, r ilikuwa imeshamezwa. Ndiyo maana tuna kadi, sketi, baa na motokaa. Ndiyo maana tunavaa shati. Angetutawala Mmarekani wa Ohio, leo tungekuwa tunavaa sharti! (Najua utaniletea korti na daktari, zilizobaki na r. Kila nyumba ina mtoto mkaidi.)

Na hapa Uingereza r haikufa yote. Wazee wa vijijini Devon na Somerset, kusini-magharibi, bado wanayo, na kwenye vichekesho ndiyo lafudhi ya mkulima asiyejua kitu. Yaani kile kilichokuwa kinywani mwa mabwana miaka mia tatu iliyopita, leo kinachekwa kwa sababu kimebaki kwa wakulima. Sisi tunalijua hilo. Kiunguja kilichaguliwa mkutanoni Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Haya, kilichaguliwa. Hakuna aliyesema siku ile kwamba anayesema nkate amekosea.

Hao wakubwa zako wakitaka mfano wa Wazungu, wape Chernobyl, ya 2019. Ni tamthilia ya Wasovieti wa 1986, mtambo wao wa nyuklia ulipolipuka, na hakuna hata mmoja anayejitia lafudhi ya Kirusi. Mtunzi wake, Craig Mazin, aliona waigizaji wakiiga lafudhi wanaigiza lafudhi, mtu mwenyewe wanamsahau. Dada yangu aliniudhi sana kwa tamthilia ile, eti Warusi gani hawa wanaongea kama London. Nikamuuliza: Sultani wa Istanbul, wa ile tamthilia ya Kituruki, alipokuwa akiwafokea vijakazi kwa Kiswahili sebuleni kwako kila usiku, ulimtaka aweke lafudhi ya Kituruki? Akanikatia simu. Ila nakiri hata Chernobyl haikutakasika: wanasayansi ni Kiingereza cha chuo, wachimba migodi wakapewa cha mikoani. Ramani ya matabaka ya Uingereza imetandikwa juu ya Warusi wa watu.

Kwa hiyo kazi ichukue, shoga yangu, na Kipemba kitie. Usikitie kwa kuchekesha tu. Mpishi akiona sufuria imeungua, mfanye kama mama yako Wete alivyokuwa akimfukuza paka penye samaki. Sikumbuki kama kuna aliyecheka siku zile, tulikuwa tunakimbia. Vichekesho viko kwenye maneno yake, vitakuja vyenyewe. Halafu waombe wakujaribu na yule bibi kizee wa tamthilia yenu, mama wa bwana, kwa ulimi huohuo, mistari kumi tu. Wakikataa hujapoteza kitu, na mimi nataka kusikia sura zao zilikuwaje.

Nirekodie hata dakika moja unitumie. Mama msalimie, mwambie yale mafuta ya karafuu yameniishia na magoti yanamuuliza yeye.

Wako,
Asha