Kwa mdogo wangu, kuhusu mtoto anayetetemeka

Mdogo wangu,

Sauti uliyonitumia usiku nimeisikiliza. Mtoto akilia kidevu kinacheza, ukimbadilisha nepi mikono inatetemeka, na mama mkubwa ameshasema ni degedege, afukizwe. Mama mkubwa katulea sote, mjibu kwa adabu, ila moshi usikubali.

Mkono ukianza kutetemeka, ushike taratibu, uukunje kifuani pake. Ukitulia, naye yuko macho, rangi yake ni ileile na ananyonya vizuri, mara nyingi ni mishipa ya fahamu ambayo bado haijakomaa. Hata anaporusha mikono yote miwili mlango ukibamizwa, huko ni kushtuka kwa kawaida, na huisha akifikisha miezi kama minne hadi sita. Wapo pia wanaorukaruka usingizini tu. Huyo usimkandamize, mwamshe, akiamka huacha.

Degedege halisikii mkono wako. Umeshika, na bado unahisi kiungo kinapiga, kinapiga, kwa mpigo uleule. Macho yamekwenda upande au yameganda, mdomo unatafuna bila kitu, miguu inazunguka kama ya mwendesha baiskeli, au pumzi inakatika na midomo inageuka bluu. Ukiona hata kimoja, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na mwende hospitali saa hiyohiyo. Baba yake arekodi kwa simu mkiwa mnajiandaa, kwa sababu mkifika huenda kimeshapita, na daktari anahitaji kukiona.

Nenda pia siku hiyohiyo, hata kama mtetemeko unatulia ukimshika, iwapo amegoma kunyonya, amelegea, ana joto la 37.5 au zaidi, au mwili umepoa. Yaweza kuwa maambukizi, au sukari imeshuka, hasa kwa aliyezaliwa njiti au ambaye mama yake ana kisukari. Omba wampime sukari. Ni tone la damu ya kisiginoni.

Miezi ya mbele, akianza kuinamisha kichwa ghafla na kukunja mwili, mara nyingi mfululizo, hasa akitoka usingizini, usingoje. Mwaka 1841 daktari Mwingereza, William James West, aliandika kwenye jarida la The Lancet akiomba msaada kwa mwanawe mwenye hali hiyo. Leo ina dawa, na inavyocheleweshwa ndivyo ubongo unavyoumia.

Kesho mpeleke kliniki wamtazame, na kadi yake uibebe.

Dada yako