Klorini itengenezwe hapa Goma

Bwana Mhariri,

Wengi wetu hapa Goma bado tunateka maji ya Ziwa Kivu kwa bidoni, na kinachotukinga na kipindupindu ni klorini inayotiwa pale ufukweni. Siku isipofika, watoto ndio wa kwanza kuumia. Kumbe chumvi ya jikoni, maji na umeme wa jua vinatosha kuitengeneza papa hapa. Mitambo midogo ya kazi hiyo ipo. Wapo wanaosifu taa za mionzi ya urujuanimno. Zinaua vijidudu kweli, ila hazibakizi kinga yoyote, na maji yetu hulala ndani ya bidoni. Klorini hubaki. Naomba viongozi wa jimbo waweke mitambo hiyo kando ya ziwa na kuwafundisha vijana wetu kuiendesha.

Mama wa Himbi, Goma