Marufuku ya uvutaji imemwangukia mwenye meza sita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu sheria zetu za uvutaji. Tangu Mswada wa Marekebisho ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku wa mwaka 2024 ufikishwe katika Seneti, nimewasikia madaktari, nimewasikia watetezi wa makampuni ya sigara, lakini sijamsikia mwenye mkahawa wa meza sita.

Mimi ninao mkahawa wa aina hiyo hapa Mombasa, meza nne ndani na mbili barazani. Sivuti, na sina ubishi na daktari anayesema kwamba moshi unaua, maana baba yangu mdogo tulimzika kwa maradhi ya mapafu. Ninachopinga ni sheria inayoandikwa kana kwamba biashara zote zina ukubwa mmoja.

Sheria ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inamruhusu mwenye jengo kutenga mahali pa wavutaji, mradi patengwe na wengine na hewa yake itoke nje. Ukilisoma sharti hilo utaliona la haki. Hoteli kubwa huchukua kona ya ukumbi, ikaizungushia vioo, ikatia feni ya kutoa moshi, na mambo yakaisha. Mimi nikijenga chumba hicho kitakula nafasi ya meza mbili, yaani theluthi ya mkahawa. Basi nimebandika tangazo la kukataza, na mteja akimaliza samaki wake hutoka na kikombe cha kahawa akasimama hatua tatu kutoka mlangoni, moshi uleule ukarudi ndani kwa dirishani. Wako wasiorudi tena, wala kikombe hakirudi.

Mvutaji anayekiuka sheria hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi sita. Hata hivyo, maafisa wakija hawamfuati mvutaji aliyekwisha kukata kona; humfuata mwenye leseni aliyesimama kaunta. Waliokuja kwangu mara ya mwisho waliokota kipisi kimoja cha sigara chini ya benchi la barazani, wakakitia katika bahasha kama ushahidi wa mauaji, kisha tukazungumza kwa muda wa saa nzima, na mfanyabiashara yeyote wa mji huu anajua mazungumzo ya namna hiyo huishia wapi.

Lakini la sigara ni dogo mbele ya la shisha. Mwishoni mwa mwaka 2017 nilikuwa nimenunua vyombo vinane vya shisha kwa ajili ya msimu wa wageni, na mapato yake kwa usiku mmoja yalipita ya kahawa kwa siku mbili. Tarehe 28 Desemba, siku tatu kabla ya mkesha wa mwaka mpya, Waziri wa Afya wa wakati huo, Cleopa Mailu, alichapisha kanuni za kupiga marufuku shisha nchini kote. Kijana aliyekuwa akiwasha makaa nilimwachisha kazi Januari. Julai 2018 Mahakama Kuu iliiacha marufuku hiyo isimame, ila ikampa waziri miezi tisa azirekebishe kanuni zake. Septemba 2024 mahakama ya Shanzu, hapa hapa Mombasa, ikasema kanuni hizo hazina nguvu kwa kuwa hazikupelekwa Bungeni inavyotakiwa. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, nayo ikajibu kwamba shisha ingali marufuku. Sasa mwenye mkahawa amsikilize nani?

Wanaosema shisha ni uzungu wa vijana wa juzi wamesahau kiko cha wazee wetu wa pwani, chenye bori lake la tumbaku juu, digali la kupitishia moshi, kifuu cha maji, na yale malio ya maji yaliyosikika barazani jioni. Sisemi kwamba kiko kilikuwa dawa. Nasema kwamba mazoea ya umri huo hayafi kwa tangazo la gazeti rasmi. Wateja wangu wa zamani wanavuta majumbani, madirisha yamefungwa, watoto chumba cha pili. Kwangu kijana wa miaka 16 alikuwa akirudishwa mlangoni, kwa sababu nilikuwa na leseni ya kupoteza. Huko ndani nani atamuuliza umri?

Ombi langu kwa maseneta ni kwamba baraza lililo wazi liruhusiwe kuwa na meza za wavutaji usiku, mbali na mlango, bila kulazimishwa kujenga chumba. Faini imfuate aliyevuta, na mwenye mkahawa aadhibiwe pale tu anapoonekana kumwachia. Na shisha itolewe leseni yake, yenye ada, ukaguzi wa afya na masharti ya usafi wa mipira ya kuvutia moshi. Leseni hiyo nitailipia siku itakapotoka. Wakiona haiwezekani, basi Bunge lenyewe lipitishe marufuku hiyo kwa sheria isiyo na utata, nijue la kufanya na vile vyombo vinane vilivyomo ghalani ndani ya magunia, maana hadi leo hata kuviuza naogopa.

Mwenye mkahawa,
Mombasa