YAH: Malalamiko kuhusu kisu cha kukunja ambacho loki yake haishiki

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia tena kwa sababu jibu lenu la kwanza halikujibu kitu. Lilikuwa sentensi mbili: kwamba kisu changu kimeharibika kwa "matumizi yasiyo sahihi", na kwamba dhamana haihusiki. Hakuna aliyeuliza kisu kilikuwa kinafanya nini, wala hakuna aliyeomba hata picha. Safari hii naeleza kwa kirefu, na picha nimeziambatisha bila kuombwa.

Kisu chenyewe ni kile cha mfukoni chenye mpini mweusi wa nailoni. Loki yake ni ya bamba la chuma lililofichwa ndani ya mpini: bapa likifunguka, bamba huchomoka pembeni na kukaa nyuma ya kisigino cha bapa, yaani mwisho wake ulio ndani ya mpini, ili lisijirudie. Nilikinunua kiwe cha kutembea nacho kila siku, na kazi zake zimekuwa hizo za kila siku: kufungua maboksi, kukata kamba na mikanda ya plastiki, kuchonga penseli. Sijawahi kukitumia kubandulia kitu wala kukigonga kwa nyundo.

Siku kilipoachia, nilikuwa nakata kamba nene ya katani iliyofunga mzigo. Makali yakanasa katikati ya nyuzi. Nilipoinua mkono ili kukinasua, bamba likateleza na bapa likajikunja juu ya vidole. Kidole cha shahada kilishonwa. Kuhusu kidole sitasema zaidi, maana barua hii ni ya kisu.

Nilikikagua baadaye kwenye mwanga mzuri. Kikiwa kipya, bamba lilikuwa linashika sehemu ndogo ya upana wa kisigino, kama theluthi hivi, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu loki ya aina hii husogea kidogo kidogo kadiri chuma kinavyosuguana, kwa hiyo huachiwa nafasi ya kusogea kwa miaka. Sasa bamba limevuka upana wote na kugota upande wa pili wa mpini. Halina pa kwenda tena. Ukingo wake umeng'aa na kukunjika kama uliopigwa pasi, dalili ya bamba laini linalosagwa na kisigino kigumu. Shika bapa kwa vidole viwili, ulisukume juu na chini: linacheza. Lingekuwa linacheza kushoto na kulia tu, ningekaza skrubu ya egemeo, pale bapa linapozungukia, nikanyamaza. La juu na chini ni la loki yenyewe, na hakuna bisibisi inayoliponya.

Kwa hiyo mnaposema "matumizi yasiyo sahihi" naomba mnieleze ni matumizi gani yanayosaga bamba la loki hadi mwisho wakati makali bado yananyoa nywele za mkono. Kisu kilichotumika vibaya huanza kuonyesha kwenye ncha na kwenye makali. Hiki kimeisha ndani, mahali ambapo mkono wa mteja haufiki. Ama bamba ni jembamba na laini mno, ama pembe ya kisigino ilikatwa vibaya kiwandani. Yote mawili ni ya kwenu. Na mkitaka kushikilia kwamba "si kisu cha kazi nzito", basi kwanza ondoeni kwenye boksi ile picha ya kisu hikihiki kikipasua gogo.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni kwamba kisu kisicho na loki kabisa kingekuwa salama kuliko hiki. Visu vingi vidogo vya Victorinox havina loki, bapa linashikiliwa na springi tu, na anayekitumia analijua hilo tangu siku ya kwanza. Anaweka vidole vyake kwa tahadhari. Mkono ulioambiwa kuna loki hauna tahadhari hiyo. Wala msiniambie kwamba loki ya kuaminika lazima iwe ghali. Opinel, watengenezaji visu wa Ufaransa, wanatumia pete ya chuma inayozungushwa kwa vidole, waliianza mwaka 1955, na ni kitu rahisi kiasi kwamba unakiona kwa macho kama kimefunga au hakijafunga. Ninyi mliamua kuweka loki inayotaka ufundi wa hali ya juu, kisha ufundi wenyewe mkaupunguza.

Sasa nije kwenye maelezo ya bidhaa. Mmeandika "chuma cha daraja la upasuaji" na "imara kwa maisha yote". Hilo la upasuaji halimwambii mnunuzi lolote, kwa sababu si jina la chuma kimoja. Chuma cha visu kina majina: 440C, D2, 14C28N na mengine mengi, na kila jina lina tabia yake. D2 hushika makali muda mrefu lakini hakiwezi kuachwa na unyevu, kutu itakuja. 14C28N hakisumbuliwi na maji kwa urahisi na kinanoleka vizuri. Baada ya jina kuna ugumu, unaopimwa kwa kipimo cha Rockwell. Victorinox wanasema waziwazi kwamba mabapa yao yako kwenye 56 hivi. Wengine hupeleka 60 na zaidi. Mimi sina ugomvi na chuma laini, kwa kazi za mfukoni nakipenda, kwa sababu unakirudishia makali kwa dakika chache kwenye jiwe la kawaida na hakimeguki ovyo. Ninachotaka ni kuambiwa. Anayechagua kisu cha kutembea nacho kila siku anachagua vitu vitatu, chuma, loki na egemeo, na kwenye tangazo lenu hakuna hata kimoja kilichotajwa kwa jina. Rangi za mpini mmetaja nne.

Kuhusu egemeo nitasema kwa kifupi: washa zake, vile vipete vilivyo kati ya bapa na mpini, ni za plastiki nyembamba, ukikaza skrubu bapa halifunguki, ukilegeza linayumba. Kibanio cha mfukoni nacho kimepinda.

Kisha kuna dhamana. Karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi inamwambia mteja akaze skrubu ya egemeo kila inapolegea. Karatasi ya dhamana, iliyomo kwenye boksi hilohilo, inasema dhamana inakufa mara tu skrubu yoyote ikiguswa. Mteja afuate karatasi ipi? Akitii ya kwanza amepoteza haki yake, akitii ya pili anabaki na kisu kinachoyumba. Mtu aliyeziandika zote mbili angezisoma pamoja angalau mara moja.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe bei yote ya kisu pamoja na gharama ya kukisafirisha. Sitaki kisu kingine cha toleo hilo, hata kama ni kipya. Pili, visu vilivyotoka pamoja na hiki vikaguliwe loki kabla havijaendelea kuuzwa; namba ya toleo iko chini ya kibanio na inaonekana kwenye picha ya pili. Tatu, maelezo ya bidhaa yaandikwe upya, yataje aina ya chuma, ugumu wake na aina ya loki, na neno "upasuaji" liondolewe.

Naomba jibu la maandishi kutoka kwa mtu aliyezitazama picha. Msiponijibu nitapeleka malalamiko haya kwa mamlaka inayolinda walaji, nikiambatisha na jibu lenu la kwanza.

Kisu ninacho, na nitakituma mkishaniletea hati ya usafirishaji iliyolipiwa. Nimekizungushia tepu kikiwa kimefungwa. Mtakapokifungua kwa ukaguzi, mwambieni fundi asiweke vidole kwenye njia ya bapa.

Wenu,
Mteja

Viambatisho: nakala ya risiti, picha za loki na kisigino cha bapa, picha ya boksi, nakala za karatasi zote mbili.